Supamaketi ya bei chee: nani anamkopesha nani?

Kila inapofunguliwa supamaketi mpya ya bei nafuu Moshi au Arusha, ubishi unaofuata huwa ule ule. Wapo wanaoshangilia: mafuta ya kula yameshuka, sabuni ya unga imeshuka, bei imebandikwa mahali kila mtu anaiona na mteja anatoka na risiti yake. Wapo wanaoomboleza mapema, kwamba sasa duka la Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka dogo la mtaani, limekwisha. Tangu Julai 2025 ubishi huo umechochewa zaidi, baada ya Selemani Jafo, akiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, kutoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo biashara ya jumla na rejareja. Wengi waliipokea kama ngome ya mwenye duka dogo. Wachache walisoma hadi kwenye msamaha uliomo ndani ya kipengele hicho hicho: supamaketi hazimo katika katazo. Kwa maneno mengine, mgeni haruhusiwi kukuuzia kiberiti kwenye dirisha la duka mtaa wa Majengo, ila anaruhusiwa kufungua jengo zima la vyakula na kuuza viberiti kwa katoni.

Msamaha huo umewakasirisha baadhi ya watu na kuwafurahisha wengine, na nadhani wote wanagombania kitu kisicho kikubwa. Bei iliyobandikwa rafuni ni sehemu ndogo ya habari. Kinachobadilika supamaketi ya bei chee inapoingia mjini ni mwelekeo wa mkopo. Duka hilo huchukua mzigo kwa mzalishaji na kumlipa baadaye, kisha humuuzia mlaji kwa fedha taslimu tu. Linakopa juu, halikopeshi chini. Biashara ya mtaani kwetu imejengwa kinyume cha hapo, na asiyeliona hilo atabishana kuhusu bei ya sukari mpaka kesho bila kujua nani ameumia.

Tuanze na namna duka la aina hii linavyopata unafuu wake. Waliolifanya kuwa mfumo ni ndugu wawili Wajerumani, Karl na Theo Albrecht, waliochukua duka la mama yao mjini Essen baada ya Vita Kuu ya Pili. Waliona kwamba ukiuza aina chache za bidhaa, ukaziacha ndani ya maboksi yake badala ya kuzipanga kwa madoido, ukaajiri watu wachache, unaweza kushusha bei na bado ukabaki na faida, kwa sababu mzigo haulali. Mwaka 1962 jina la Aldi likaanza kutumika, na dunia nzima ikaiga. Maboksi tunayaona hata huku kwetu, na keshia anayepanga rafu pale foleni inapoisha tunamwona pia. Tusichokiona ni hesabu ya muda. Chukua mfano wa katoni ya tambi inayoisha rafuni kwa siku kumi, lakini suplaya wake analipwa baada ya siku sitini. Kwa siku hamsini mwenye duka amekaa na fedha ya mtu mwingine, bila riba na bila dhamana. Kwa fedha hiyo ananunua mzigo mkubwa zaidi ili apate punguzo, au anaweka rafu katika tawi la pili. Sehemu ya punguzo unalolifurahia imetoka hapo.

Sasa mwangalie Mangi. Nafaka anaifuata soko la Mbuyuni, na vitu vya dukani, yaani sabuni, mafuta, chumvi, biskuti, anavifuata kwa wenye jumla pale mjini. Akiwa ameshajulikana, hapakii kila kitu kwa fedha mkononi. Anapewa mali kauli: chukua katoni tano, nilipe Jumamosi. Naye akirudi mtaani anafanya vivyo hivyo. Fundi ambaye hajalipwa na tajiri anaandikwa kwenye daftari, mama lishe anachukua mafuta asubuhi na kuleta fedha jioni, mwalimu anasubiri mshahara. Robo ya sukari, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, vocha. Mkopo unatiririka kutoka kwa mwenye jumla kwenda kwa Mangi, kutoka kwa Mangi kwenda kwa jirani, na wala hapana mkataba. Atakayeuliza ni kwa nini Januari duka la Mangi linaonekana tupu wakati wateja wamejaa, ajue mtaji umehamia kwenye daftari. Desemba ndugu walirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, fedha zikatumika mjini kwenye foleni ndefu za supamaketi. Januari ni sare na madaftari ya shule, na hapo supamaketi haina cha kukusaidia usipokuwa na noti.

Ndiyo maana ile hoja kwamba Mangi ni mwizi, kwamba anauza ghali kwa sababu ya tamaa na supamaketi imekuja kumwumbua, naiona kuwa dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Tuseme kilo ya sukari supamaketi ni shilingi 3,000 na Mangi anauza robo kwa 850. Robo nne ni 3,400, yaani mnunuzi wa robo amelipa 400 zaidi kwa kilo. Inauma. Lakini mkazi wa Pasua au Msaranga akipanda daladala kwa 600 kwenda na 600 kurudi, ile 400 imeshapotea mara tatu kabla hajaigusa pakti. Unafuu huo utampata tu akinunua vitu vingi kwa mkupuo mmoja, na kununua kwa mkupuo kunataka mshahara. Juu ya hapo, ndani ya ile 400 mna deni la fundi aliyehama bila kuaga, mna sukari iliyomwagika wakati wa kupima, mna saa tatu za usiku ambapo duka bado liko wazi. Tena bei yenyewe haianzii kwa Mangi. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchini, serikali ilitangaza bei elekezi na bado kilo ilivuka 4,000 katika maeneo mengi. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko pale Arusha Chini, kilomita chache kusini mwa mji wa Moshi, na ukaribu huo haukutusaidia kitu. Kumlaumu mwenye dirisha la duka kwa bei iliyopangwa mbali naye ni kutafuta wa karibu wa kumpiga.

Hoja ya upande wa pili, kwamba supamaketi zitaua duka la mtaani, ina uzito zaidi, ila historia ya hapa hapa kaskazini haiiungi mkono. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa na duka Arusha. Mwaka 2014 iliuza maduka yake matatu nchini, likiwemo hilo, kwa Nakumatt ya Kenya. Nakumatt yenyewe ilikuwa imeingia nchini kupitia Moshi mwaka 2011, na watu walikuwa wanapanda daladala kwenda kushangaa tu. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania Oktoba 2015. Miaka michache baadaye Nakumatt ikaporomoka. Katika muda wote huo Mangi alikuwepo, na yupo. Aliyetegemea kumzika amezikwa kabla yake. Sababu si uzalendo wa wateja. Duka kubwa linauza bidhaa, Mangi anauza bidhaa pamoja na ukaribu, kipimo kidogo na subira. Hawako katika soko moja kama tunavyodhani.

Hata hivyo yupo anayeumia, na jina lake halitajwi katika ubishi huu: mwenye jumla wa kati. Nimesimama kwenye foleni ya supamaketi moja ya bei nafuu hapa Moshi nyuma ya kijana mwenye katoni nane za sabuni ya unga na mafuta ya lita tano tano. Hakuwa na harusi. Alikuwa mwenye duka, amekuja kuchukua mzigo kwa sababu ofa ya wiki hiyo ilikuwa chini kuliko bei ya jumla, na keshia alikuwa anabishana naye kuhusu kiasi ambacho mteja mmoja anaruhusiwa. Kwa siku hiyo Mangi amefaidi. Lakini katoni zile nane ni katoni ambazo mwenye jumla wake hakuuza, na mwenye jumla akikosa mauzo ya vitu vinavyotoka haraka, anabaki na vile vinavyolala, na uwezo wake wa kutoa mali kauli unapungua. Siku mwenye duka atakapouguliwa na mtaji wote ukaishia hospitali, supamaketi haitampa katoni tano alipe Jumamosi. Atamrudia mwenye jumla, na huenda mwenye jumla amefunga, au amekuwa mkali: fedha kwanza. Hapo ndipo robo ya sukari inapopanda bei, na wa kwanza kuumia ni yule yule maskini ambaye tuliambiwa supamaketi imemletea nafuu. Athari hii huchukua muda kuonekana. Haitokei siku ya ufunguzi na maputo, ndiyo maana mabishano yetu yanaikosa.

Upande wa juu wa mnyororo hali ni nzito zaidi. Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, madeni yake yalikuwa yanatajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na sehemu kubwa ilikuwa ya suplaya waliopeleka mzigo na kusubiri. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Uchumi ilipofunga Tanzania, wafanyakazi na suplaya waliachwa wakidai. Jambo la kujifunza hapo ni namna anguko lilivyotokea: maduka hayakuwa matupu ya wateja, yalijaa. Yaliendeshwa kwa fedha za suplaya mpaka suplaya walipochoka na kuacha kuleta mzigo, rafu zikaanza kutandazwa bidhaa moja mita tatu ili zionekane zimejaa. Kiwanda kikubwa cha sabuni kinaweza kumeza hasara hiyo na kuendelea. Mzalishaji mdogo hawezi. Fikiria maziwa na mtindi wa vikundi vya wanawake wa Hai, mfano wa ushirika wa Nronga ulioanza mwaka 1988. Mama anakamua leo, maziwa yanauzwa kesho, na pumba za ng'ombe zinanunuliwa keshokutwa. Ukimwambia asubiri siku sitini, umemwomba mwanakijiji mwenye ng'ombe wawili aikopeshe kampuni yenye jenereta na lifti. Wengi hawatakubali, na wasipokubali hawataonekana rafuni. Nafasi yao itachukuliwa na maziwa ya pakti kutoka mbali, ambayo mwenye nayo ana uwezo wa kusubiri. Kisha tutalalamika kwamba supamaketi za Kilimanjaro hazina bidhaa za Kilimanjaro.

Haki itendeke: suplaya wengi wanaitamani rafu hiyo na wana sababu. Oda moja ya supamaketi inazidi maduka hamsini ya mtaani, gari linashusha mahali pamoja, na bidhaa ikishaonekana pale inaheshimika hata kwa Mangi. Nidhamu nayo inakuja: alama ya ubora ya TBS, tarehe ya kuisha muda, uzito unaolingana na lebo. Mlaji anafaidi, maana dukani kwa kupima mzani wakati mwingine una mkono wa mwenyewe. (Ingawa hata supamaketi ina hila yake: angalia ile pakti ya bei poa, mara nyingi imeandikwa gramu 900, na macho yetu yanasoma kilo.) Sitaki kuzifukuza supamaketi hizi. Mwenye mshahara na familia ya watu sita ananunua mahitaji ya mwezi kwa fedha pungufu, na hilo ni jambo la maana katika nyumba nyingi za Soweto, Rau au Njiro. Faida hiyo ni ya kweli. Swali langu ni nani anailipia, na kama ameulizwa.

Na hapa ndipo amri ya 2025, kwa nia zake zote njema, inapotazama pembeni. Imeuliza uraia wa mwenye duka. Ingekuwa uraia ndio tatizo, basi supamaketi ya mzawa wa Machame au Kibosho isingekuwa na kasoro. Lakini mzawa naye anaweza kuchukua mtindi wa Hai na kuulipa baada ya miezi mitatu, tena huyo ni vigumu zaidi kumdai kwa sababu mnakutana kanisani. Serikali ilipoziacha supamaketi nje ya katazo, nadhani iliona sawa kwamba zinahitaji mitaji mikubwa na zinaleta ajira. Ilichosahau ni kuweka sharti la malipo. Majirani wametangulia. Kenya, baada ya kuunguzwa na Nakumatt, ilirekebisha sheria yake ya ushindani mwaka 2019 ili kuibana nguvu ya mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo ya suplaya. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliweka ukomo: siku 30 kwa mazao na vyakula vinavyoharibika haraka, siku 60 kwa vingine. Sisi tuna Tume ya Ushindani, na hakuna kinachotuzuia kuandika ukomo wetu, tuseme siku 14 kwa maziwa, mboga na mayai. Wenye maduka watasema bei zitapanda. Kiasi fulani zitapanda, ndiyo. Bei inayoshuka kwa sababu mfugaji hajalipwa itakuja kupanda tu siku atakapoacha kuleta maziwa, na siku hiyo hakutakuwa na ofa.

Kwa mwenye jumla na Mangi dawa ni nyingine, na haitatoka serikalini. Huko Ujerumani, nyumbani kwa Aldi, muuzaji mkubwa kuliko wote wa vyakula ni EDEKA, ambayo ilianza Berlin mwaka 1898 kama chama cha wenye maduka madogo waliokubaliana kununua mzigo pamoja. Kila mmoja alibaki na duka lake. Walichounganisha ni manunuzi. Kilimanjaro haihitaji kufundishwa ushirika: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha hapa, ilianza 1933, wakulima wa kahawa wakikataa kuuza mmoja mmoja. Ila wenye maduka wana sababu ya kushtuka wakisikia neno hilo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Ilisitishwa baada ya muda mfupi, watu wakabaki na foleni za sabuni kwa miaka. Mzee aliyefungiwa duka wakati ule hatamwelewa kwa urahisi anayemwambia leo wajiunge.

Tofauti ni kwamba Operesheni Maduka ililazimisha watu waache maduka yao, wakati hiki ninachosema kinawaacha humo humo. Wenye maduka ishirini wa Njoro na Majengo, ambao tayari wako kwenye Vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na wanajuana madeni, wanaweza kuanza na bidhaa tatu: sukari, mafuta ya kula na sabuni ya unga. Haziozi upesi, kila duka linaziuza kila siku, na kwa oda ya pamoja wanaikaribia bei anayopewa mwenye supamaketi. Hata mwenye jumla wa kati ana nafasi hapa, kwa sababu ana stoo na gari, na ni afadhali awe wakala wa kikundi kuliko kusubiri wateja wanaopungua. Wanahitaji stoo moja, mtunza hesabu ambaye si ndugu wa mwenyekiti, na kanuni moja ya mali kauli inayowekwa siku ya kwanza kabla mtu yeyote hajazoea kupendelewa: ambaye hajalipa mzigo wa wiki iliyopita hapewi wa wiki hii, hata akiwa yeye ndiye mwenye funguo za stoo.